Mama Mhasibu na Pesa Inayopita

Mama Mhasibu hakutoka dukani bila kuisoma risiti yake. Hakuikunja akaenda nayo nyumbani. Aliisoma pale pale mbele ya muuzaji, miwani imeshuka puani, kidole kinatembea mstari kwa mstari, na waliopanga foleni nyuma yake wameanza kukohoa. Akimaliza husema, "Haya, imekaa sawa," utadhani mwenye duka alikuwa anafanya mtihani na yeye ndiye msahihishaji. Siku moja tukiwa duka la pembejeo, bwana mmoja alimwambia, "Mama, na sisi wengine tuna haraka." Akamgeukia taratibu.

"Hata mimi nina haraka, baba," akasema. "Ndiyo maana sitaki kurudi hapa kesho kulalamika."

Jina lake la ubatizo nalijua, na majirani wote wa mtaa wetu wa Malangali wanalijua, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Alifanya kazi ya uhasibu katika chama cha ushirika tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na alipostaafu watu hawakuona sababu ya kumtafutia jina jingine. Naye alitulipa kwa kutupa vyeo. Mume wangu Deo, kwa kuwa alishinda na kompyuta, alikuwa Fundi Mitambo. Mimi nilikuwa Mkurugenzi, na cheo hicho alikitumia zaidi nilipokuwa nimeharibu jambo. "Mkurugenzi, maharage yako yanaungua," angesema kutoka upande wa pili wa uzio, kabla mimi mwenyewe sijasikia harufu. Jogoo wake aliitwa Afisa Ugavi kwa sababu, kwa maneno yake, alipiga kelele kutwa na hakuna kitu alicholeta.

Alikuwa mrefu, na hakuuficha urefu wake. Miezi ya upepo alivaa koti la kiume linalofika chini ya magoti, nalo alilivaa hata jikoni, hata kanisani, mpaka baadhi yetu tukasahau kwamba ndani yake kuna gauni. Sauti yake ilikuwa ya ofisini: maneno machache, kila moja limekamilika. Lakini siku ya mpira sauti hiyo ilipotea. Aliweka redio dirishani, akakaa nje kwenye kigoda, na timu yake ikikosa bao alipiga ukelele ambao wageni wa mtaani walidhani ni msiba. Timu ikifungwa hakusalimia mtu mpaka asubuhi. Ikishinda alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza watu wameamkaje, na ole wako kama wewe ni wa upande wa pili.

Shamba lake lilikuwa nje kidogo ya mji, na alililima kwa ntumba, yale matuta ya duara ya Kifipa yanayofukia majani yaoze chini kabla ya kupanda. Kulima kwenyewe hakukupenda hata kidogo. Aliita vibarua, na hapo ndipo ungeona vituko. Alipatana nao bei kwa nguvu zote, akiondoka na kurudi, akishika kiuno, akimwita Mungu ashuhudie. Bei ikishakubalika aliwapikia ugali wa ulezi na migebuka, wale samaki wa ziwani, chai ya tangawizi juu yake, na jioni aliwalipa zaidi ya walivyopatana. Nilimuuliza kwa nini asingekubali bei yao tangu mwanzo, apumzishe koo.

"Bei ni makubaliano," akasema. "Nyongeza ni hiari yangu. Usinichanganyie."

Neno hilo, usinichanganyie, ndilo alilolisema kuliko jingine lolote. Hakupenda maharage ya njano yachanganywe na mekundu, hakupenda salamu ichanganywe na ombi. Mtu akifika kwake akaanza, "Shikamoo mama, nilikuwa naomba..." alimkata: "Marahaba. Salamu imeisha. Sasa keti, anza ombi." Wengine walimwona mkali. Mimi nilimwona hivyo hivyo mwaka wa kwanza tulipohamia. Halafu nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, na kila asubuhi kwa kipindi chote cha arobaini nilikuta chupa ya uji mlangoni. Nilipomshukuru akajibu kwamba hajui habari za uji wowote na nimuulize Afisa Ugavi.

Nimeanza na mambo haya madogo kwa sababu, kama ningeanza na habari ya soko letu, mngemwona upande mmoja tu.

Mimi na Deo tuna soko la mtandaoni. Si kubwa. Watu wa Ufipa wenye bidhaa wanaziweka humo kwa picha na bei. Mteja wa Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam ananunua kwa simu. Pesa inaingia kwetu, tunakata kamisheni, inayobaki tunamtumia muuzaji. Tulianza na akina mama wa maharage na unga wa ulezi. Halafu akaja Sikudhani, wa Wampembe kule ziwani, mwenye dagaa na migebuka wakavu ambao ukifungua mfuko nyumba nzima inajua. Halafu akaja Anselmi, mwenye karakana ya samani hapa mjini, anayetengeneza vitanda na makabati ya mninga. Anselmi ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Biashara yake ilikuwa imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo watu huiita VAT, na kila alichouza alikitolea risiti ya mashine na kuipeleka kodi yake serikalini mwezi baada ya mwezi. Sikudhani hakuwa amesajiliwa. Biashara yake, kama za akina mama wale, ilikuwa ndogo, haijafika huko. Sisi wenyewe tulikuwa tumesajiliwa, kwa sababu ya duka la vifaa vya ofisi alilokuwa nalo Deo kabla ya soko.

Mfumo wetu alitutengenezea fundi mmoja wa mbali, na fundi huyo alikuwa amezoea maduka ya mwenyewe mmoja. Akaupanga uongeze kodi juu ya kila bidhaa, iwe kitanda, iwe dagaa. Mteja akilipa, kodi ilibaki katika akaunti yetu pamoja na kila kitu kingine. Kamisheni nayo mfumo uliipiga juu ya jumla yote, bei pamoja na kodi. Muuzaji alipata kilichobaki. Biashara ilikuwa inakwenda na hakuna aliyefungua kifuniko kuangalia ndani.

Malalamiko ya kwanza yaliletwa na Sikudhani kwa simu. "Dada, wateja wananiambia dagaa wangu ni ghali. Bei wanayoitaja si yangu. Nani kaongeza?" Nikamwambia ni kodi. Akasema, "Kodi ya nani? Mimi sijaambiwa na mtu nitoze kodi." Nikamwahidi nitauliza.

Kabla sijauliza, Anselmi akaja mwenyewe. Hakuketi.

"Kodi yangu iko wapi?" akasema. "Mteja kailipa, mmeipokea nyinyi. Risiti nimetoa mimi, na ofisi ya kodi nimelipa mimi, kutoka mfukoni mwangu. Kila kitanda ninachouza kwenu nalipa mimi kodi ambayo mteja keshailipa! Na juu yake mmekata kamisheni."

Deo akajaribu kumweleza kwamba pesa za kodi zipo, zimehifadhiwa kwa ajili ya Serikali. "Serikali imeshachukua kwangu!" Anselmi akapiga kelele. "Nyinyi mnaihifadhia Serikali ipi?"

Akaondoka. Jumapili ile, kwenye mkutano wa jumuiya ya kanisa letu, alisimama akasema watu wawe macho, kuna vijana wa mtandao wanakula kodi. Hakututaja. Hakukuwa na haja. Kufikia katikati ya wiki akina mama wa ulezi walikuwa wameondoa bidhaa zao, na mmoja wao, ambaye nilisimamia ndoa ya binti yake, alipokutana nami njiani alivuka upande wa pili wa barabara.

Jambo lililotusumbua mimi na Deo ni kwamba hatukuelewa. Huyu analalamika kwamba hatukumpa kodi. Yule analalamika kwamba tumetoza kodi. Inawezekanaje wote wawili wawe na haki? Tulikaa jikoni mchana mmoja, mvua inanyesha, tunazungushana maneno, na hapo Mama Mhasibu akaingia na ungo wangu aliokuwa ameuazima. Akatutazama nyuso.

"Nani kafa?"

Tukamweleza. Alisikiliza amesimama, koti linachuruzika maji, na hakuuliza swali mpaka tulipomaliza. Kisha akaketi.

"Kitanda ni cha nani?" akaniuliza.

"Cha Anselmi."

"Nani anakiuza?"

"Sisi."

"Hapana. Nakuuliza tena, Mkurugenzi. Nani anakiuza?"

Nikafikiri. "Anselmi. Anakiuza kwenye soko letu."

"Eeh. Sasa nyinyi mnauza nini?"

Deo ndiye aliyejibu, polepole. "Nafasi. Tunauza huduma ya kumkutanisha na mteja."

"Na bei ya huduma hiyo inaitwaje?"

"Kamisheni."

"Basi mmemaliza," akasema. "Kodi ya kitanda ni ya Anselmi kuipeleka, kwa sababu kitanda kauza yeye na kasajiliwa. Mkipokea pesa ya mteja, ile kodi mnampa Anselmi yote, haipungui. Kodi yenu nyinyi ni juu ya kamisheni tu, kwa sababu hicho ndicho mlichouza, na hiyo mnamwonyesha kwenye risiti yenu. Na Sikudhani hajasajiliwa, kwa hiyo dagaa wake hawana kodi hiyo. Nani kawatuma mtoze?"

"Mfumo," Deo akasema.

"Mfumo hauna namba ya mlipakodi, baba."

Hapo nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Anselmi aje. Yeye hakucheka.

"Na kamisheni mnaikata juu ya nini? Juu ya bei au juu ya bei pamoja na kodi?"

"Juu ya jumla."

Akatikisa kichwa. "Pesa ya kodi inapita tu. Mteja kaitoa, Serikali inaingoja. Wewe na Anselmi wote ni njia yake. Umeona wapi barabara inamkata msafiri nyama?"

Ilikuwa rahisi sana alipoisema. Deo alikuwa ameshafungua kompyuta, na kwa furaha ya mtu aliyeona mwanga, akasema jambo ambalo nadhani mtu yeyote angelisema. Alisema, basi suluhisho lipo. Kuna kodi tuliyotoza kwenye dagaa na unga, nayo haina mwenyewe. Tuichukue hiyo tumlipe Anselmi anachodai, yaishe.

Mama Mhasibu akasimama. "Haina mwenyewe?" akasema. Sauti haikupanda, ilishuka. "Kila mtu aliyenunua dagaa kwako ana jina na namba ya simu humo ndani ya mashine yako. Unataka kumlipa mwenye vitanda kwa pesa ya mla dagaa. Nimefanya kazi na watu waliofanya hivyo. Walianza kwa kuziba shimo moja kwa udongo wa shimo jingine. Wengine walikuwa watu wazuri kuliko wewe." Akatoka kwenye mvua bila kuaga, na ungo akaondoka nao tena.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni petu amevaa viatu vya kisigino, vile ambavyo tulikuwa tumeviona kwenye harusi tu.

"Twende," akasema.

"Wapi, mama?"

"Ofisi ya kodi. Kuuliza."

Ni lazima niseme jinsi nilivyoogopa. Mfanyabiashara mdogo haendi ofisi ya kodi kwa miguu yake; anangoja aitwe, na akiitwa anatafuta mtu wa kwenda naye. Deo alinong'ona kwamba tukienda wenyewe tutafungiwa. Mama Mhasibu alimsikia. "Aliyekwenda kuuliza na aliyekamatwa hawakai kwenye kiti kimoja," akasema, akatangulia.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alimwamkia Mama Mhasibu, akatusikiliza, akaandika. Mama Mhasibu ndiye aliyekuwa msemaji. Aliyapanga mambo yote kwa mpangilio, vitanda huku, dagaa kule, risiti za mashine ya duka la zamani la Deo pembeni, na mwisho akatangaza kwamba tunaanza leo hii hii kuwarudishia wateja wa dagaa pesa zao.

"Samahani, mama," yule afisa akasema. "Msianze kurudisha leo."

"Kwa nini?"

"Baadhi ya mauzo hayo walitoa risiti kwa mashine ya duka lao la zamani, na kodi imeonekana kwenye risiti. Zirekebishwe hizo risiti kwanza, na taarifa zao za miezi hiyo zirekebishwe, ndipo warudishe. Wakirudisha kabla, kumbukumbu zao na zetu hazitaonana, na mwakani watakuwa wanadaiwa kodi ya dagaa ambao pesa yake wamesharudisha."

Mama Mhasibu akabisha. Akasema pesa ya mtu ikijulikana inarudi, karatasi zitafuata. Afisa akamwonyesha hatua kwa hatua, kwa adabu, na kila alipobisha alipata jibu. Nilimwona akivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena. Kisha akasema, "Endelea, mwanangu, nakusikiliza," na kuanzia hapo alisikiliza kweli.

Tulirudi nyumbani, yeye ametangulia. Nilidhani ameumia, na nilikuwa natafuta neno la kumpoza. Tulipofika karibu na uzio wake akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichomfanya ashike nguzo.

"Yule kijana kanishinda," akasema. "Kanishinda mpaka basi. Umemwona? Mtulivu vile!"

Jioni hiyo mtaa wote ulijua kwamba Mama Mhasibu ameshindwa hoja na kijana wa ofisi ya kodi, na aliyewaambia ni yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa kujisifu; hilo sitalificha. Alikuwa na uwezo wa kusimulia hesabu aliyoipata sawa zamani mpaka chai ikapoa. Lakini alisimulia kushindwa kwake kwa sauti ile ile na kwa ladha ile ile, na sijamwona mtu mwingine mwenye tabia hiyo.

Kulipa ndiyo ilikuwa kazi. Pesa ya kodi, kwa kuwa ilikaa mahali pamoja na nyingine zote, ilikuwa imeshanunua mifuko ya kufungashia na kulipia mizigo. Deo aliuza pikipiki yake, na aliiuza kwa uso mzuri, ingawa siku kadhaa nilimkuta amesimama mahali ilipokuwa inaegeshwa. Nilimwomba Mama Mhasibu atukopeshe kidogo. Akakataa bila kumumunya maneno.

"Sikopeshi majirani," akasema. "Nataka niendelee kuwasalimia."

Siku mbili tatu baadaye nikakuta gunia la maharage kwenye kibaraza chetu. Nikaenda hadi uzioni kwake kumuuliza. Akasema gunia hilo si mkopo, na tena si lake, na Afisa Ugavi ameanza kufanya kazi hatimaye.

Anselmi tulimpelekea haki yake karakanani: kodi aliyotangulia kuilipa kwa mfuko wake, na ile sehemu ya kamisheni tuliyoikata juu ya kodi. Mama Mhasibu alikuja nasi. Anselmi alihakikisha kila kitu, na nadhani alikuwa ameshajiandaa kugombana, kwa hiyo hakujua afanye nini na mikono yake. Alianza kupangusa vumbi la mbao kwenye meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Umelipwa?" Mama Mhasibu akamuuliza.

"Nimelipwa, mama."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Ulisemea wapi habari zao?"

Anselmi akakohoa. "Jumuiyani."

"Basi rudi ulikosemea, ukaseme tena."

Jumapili iliyofuata Anselmi alisimama katikati ya watu. Si msemaji. Alisema, "Wale vijana niliowasema, nilikuwa na haki ya kudai, na nimelipwa yote. Hawakula. Mashine ilipangwa vibaya, wakaipanga upya. Vitanda vyangu vinaendelea kuuzwa kwao." Akaketi haraka. Yule mama aliyevuka barabara alinitafuta nje, akaniuliza kama bado tuna nafasi ya kuweka unga. Nikamwambia ipo. Nilitaka kusema na mengine, nikaona kwamba ameshika mkono wangu na hauachii, nikayaacha.

Kuwarudishia wateja wa dagaa na unga kulikuwa na vichekesho vyake. Nchi hii watu wamechoshwa na ujumbe wa matapeli. Ukimpigia mtu simu ukamwambia unataka kumtumia pesa, unaona jinsi anavyokasirika. Wengi walikata simu. Bwana mmoja wa Dodoma alituandikia, "Nendeni mkatapeli wengine, mimi mtoto wa mjini." Mama Mhasibu akaomba simu. Akampigia, akajitambulisha kwa ile sauti ya ofisini, akamweleza dagaa alionunua, mfuko wa ukubwa gani, na kodi aliyotozwa pasipo kustahili. Kisha yule bwana akauliza kama hizo kelele anazozisikia ni za mpira redioni, na Mama Mhasibu akasema, "Ndiyo, wewe ni wa timu gani?" Tukamsikia akipiga ukelele wake wa siku ya mpira. Walikuwa timu moja. Walizungumza mpaka salio langu likaisha, na yule bwana amekuwa mteja wetu tangu siku hiyo. Hajawahi kuniuliza habari zangu. Huuliza za Mama tu.

Baada ya hapo Deo aliupanga mfumo upya. Kila muuzaji akijiunga anaulizwa kwanza kama amesajiliwa au hapana. Aliyesajiliwa, kodi yake inatengwa na kumfikia yote. Asiyesajiliwa, bei yake inabaki bei yake. Kamisheni inapigwa juu ya bei tupu, na kodi ya kamisheni inakaa mstari wake peke yake, ili muuzaji aione. Wauzaji walirudi, na wengine wakaongezeka, kwa sababu habari ya watu waliorudisha pesa bila kukamatwa inatembea haraka kuliko tangazo.

Sikusudii kumfanya mtakatifu. Alikuwa na kinyongo cha miaka na mwanamke mmoja wa kwaya kwa sababu ya kitenge cha sare, na alipoulizwa kisa chenyewe hakukumbuka vizuri, ila kinyongo alikitunza. Alidharau watu wanaochelewa, na yeye mwenyewe alichelewa misa. Alinifundisha kutenganisha pesa ya soko na pesa ya nyumbani, nami nikamkuta sokoni akilipia nyanya za mtu asiyemjua kwa pesa aliyotoka kuniambia ni ya saruji. "Hiyo ni nyingine," akasema, akaondoka haraka.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa Wampembe. Katika zile simu za kurekebisha hesabu, yeye na Sikudhani walikuwa wamezoeana kuliko tulivyojua. Walipigiana karibu kila siku, mmoja Mkatoliki wa huku juu, mwingine Mwislamu wa ziwani, wakibishana namna ya kupika migebuka. Sikudhani alimwalika tangu zamani, naye akawa anaahirisha. Mwaka jana akakubali, akateremka, akakaa huko moja kwa moja. Mimi nilikwenda kuwatembelea wauzaji wetu wa huko, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, kavaa kanga mbili na kitambaa kichwani. Sikumtambua mara moja bila lile koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkurugenzi! Umeteremka na barabara ile?"

Tulizungumza habari za nyumbani. Kisha nikamwambia tulipata tatizo. Mteja wa Mbeya alikuwa amerudisha kabati la Anselmi, limepasuka njiani. Kodi ilikuwa imeshakwenda kwa Anselmi, na Anselmi ameshaipeleka serikalini. Kamisheni tulikuwa tumeshaikata na kodi yake tumeshailipa.

Akakaa wima. Nilimwona akijiandaa. "Sikiliza," akaanza, "hapo kwanza..." Akasita. "Mmefanyaje?"

"Tumeshamaliza, mama. Nilikwenda kuuliza."

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haya. Nieleze."

Nikamweleza. Anselmi anatoa hati ya marejesho kwa mteja, na kodi ya kabati anaipunguza kwenye taarifa yake inayofuata. Sisi tunamrudishia Anselmi kamisheni, kwa sababu huduma yetu haikuzaa mauzo, na tunamtolea hati yetu, ili kodi ya kamisheni nayo ipungue upande wetu. Mteja anapata pesa yake yote, bei na kodi. Na siku hizi hayo yote yanafanyika kwenye simu, ile mashine ya risiti hatuna tena. Alinikatiza mara moja, kuuliza gharama ya usafiri inabaki kwa nani. Nikamwambia inabaki kwetu, maana kabati lilipasukia mikononi mwa msafirishaji wetu, na yeye tunadaiana naye kivyake. Alifumba macho akiipitia hesabu nzima kichwani. Sikudhani, aliyekuwa anageuza dagaa, aliacha kugeuza, akatutazama.

Mama Mhasibu akafumbua macho.

"Sina la kuongeza," akasema.

Akaangalia ziwa. Watoto walikuwa wanacheza ukingoni na mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, na upande wa pili milima ya Kongo ilionekana vizuri. Akacheka kidogo, peke yake.

"Miaka yote hii mnaniita mstaafu," akasema. "Leo ndiyo nimestaafu."

Akainama, akavua viatu, akaviweka sawasawa chini ya kiti. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, na tukatembea pamoja kuelekea majini.